Bahasha ya Kahawia: Picha ya Kifua Inajua Nini Kuhusu Kesho?



Nimekuja na bahasha. Hii hapa, kubwa, ya kahawia, imeandikwa jina kwa kalamu ya wino na imechanika pembeni. Hakuna nyumba katika kaunti zetu mbili, Trans Nzoia na Bungoma, ambayo haijawahi kuwa na moja, chini ya godoro au juu ya kabati. Mtu akipanda matatu Kiminini kwenda Webuye akiwa nayo haikunji wala haikalii. Huishika wima katikati ya magoti, na gari likijaa huiinua juu ya vichwa vya watu kama bendera. Ukimwuliza ni nini, atakujibu, "Ni mapicha ya mzee."

Halafu anafika hospitalini, daktari anaitoa filamu, anaiinua kuelekea dirishani, ananyamaza kidogo. Hapo jamaa huuliza maswali mawili kwa pumzi moja: "Daktari, inasemaje? Atapona?"

La kwanza tumejifunza kulijibu kwa zaidi ya miaka 100. La pili ndilo mhadhara wangu. Je, kivuli cha mapafu ya mtu aliyeshikwa na ugonjwa wa virusi, iwe homa ya mafua, iwe korona, kinaweza kutuambia atakavyokuwa wiki ijayo?

Huku kwetu kutabiri si jambo geni. Wabukusu walikuwa na watu wa maono waliowaita omung'osi, na jina la mmoja wao, Maina wa Nalukale, hadi leo linatajwa penye moto jioni. Kwa hiyo jamaa anapomtazama daktari usoni akisubiri neno, anamtazama kama mtu aliyepewa macho ya ziada. Naomba tumshushe daktari huyo kwenye kiti hicho cha mtabiri. Picha ya kifua ni shahidi. Inasema ilichokiona saa ile ilipopigwa, na shahidi mzuri huulizwa kwanza: ulikuwa wapi, na ilikuwa siku gani?

Ukungu na ukuta

Tarehe 8 Novemba 1895, Mjerumani Wilhelm Röntgen aligundua miale inayopenya nyama na kuzuiwa na mfupa. Kifua kinaifaa miale hiyo kuliko sehemu nyingi za mwili, kwa sababu mapafu yamejaa hewa. Miale hupita kwenye hewa bila kizuizi na kuichoma filamu ikawa nyeusi. Penye mfupa, damu, maji au usaha, miale hupungua na filamu hubaki nyeupe. Mapafu mazima basi huonekana meusi, yenye mishipa myembamba kama mizizi ya mahindi.

Virusi vinaposhambulia mapafu, vifuko vidogo vya hewa na kuta zake huvimba na kuanza kulowa. Hapo weusi hugeuka kijivu. Wanafunzi wakiniuliza kijivu kipi ni kibaya, huwaambia wakumbuke asubuhi ya Mlima Elgon. Kuna ukungu ambao bado unaona ua wa jirani ndani yake. Ndivyo yalivyo mapafu yaliyoanza kulowa, maana mishipa bado inaonekana. Na kuna ukungu mzito ambao nyumba ya jirani huioni kabisa, umekuwa ukuta mweupe. Hapo vifuko vya hewa vimejaa na mishipa imemezwa. Korona ilipenda kuanzia pande zote mbili, chini na pembezoni.

Lakini kabla ya kuusoma ukungu, hakikisha ni ukungu. Mpigapicha anaposema, "Vuta pumzi, shikilia hapo hapo," hafanyi mchezo. Ukihesabu mbavu za nyuma juu ya kiwambo, ziwe 9 au 10. Zikiwa 7, mgonjwa hakuvuta, na mapafu yaliyobanwa huonekana meupe hata kama ni mazima. Mgonjwa anayehema hawezi kushikilia pumzi, na aliyelala kitandani hupigwa picha kutoka mbele, moyo ukaonekana mkubwa kuliko ulivyo. Nywele za kusuka zikilala begani huacha kivuli kwenye ncha ya pafu ambacho mtu mwenye haraka atakiita kifua kikuu. Nimewahi kumwona mwanafunzi akiandika ripoti nzima kuhusu kitufe cha shati.

Kuhesabu hadi 18

Machi 2020, mji wa Brescia, kaskazini mwa Italia, ulizidiwa na wagonjwa wa korona. Wataalamu wa eksirei wa hospitali ya mji huo, Borghesi na Maroldi, walihitaji lugha fupi ya kuwaeleza wenzao wa wodini kifua kimeharibika kiasi gani. Wakabuni hesabu waliyoiita Brixia, jina la Kilatini la mji wao.

Hesabu yenyewe ni rahisi, mtu anaweza kuifanya kwa kidole. Gawa kila pafu mara tatu: juu, kati, chini. Una vyumba sita. Chumba kisicho na tatizo kipe 0. Chenye ukungu mwepesi, 1. Chenye ukungu na vipande vya ukuta, lakini ukungu ukiwa mwingi zaidi, 2. Ukuta ukizidi, 3. Jumlisha. Mapafu safi ni 0, mapafu yaliyozama yote ni 18.

Walipowafuatilia wagonjwa wao 100 wa kwanza, waliofariki walikuwa na alama za juu kuliko waliorudi nyumbani. Katika kundi la pili la wagonjwa 302, mambo matatu yalijitokeza kuwa dalili za kifo: alama ya picha, umri, na kinga iliyodhoofika. Huko New York, madaktari waliwachunguza wagonjwa 338 wa miaka 21 hadi 50 waliofika idara ya dharura. Wao pia waligawa mapafu vyumba sita, wakahesabu tu vyumba vilivyoguswa. Wenye viwili au zaidi walielekea kulazwa. Kati ya waliolazwa, wenye vitatu au zaidi walielekea kuhitaji bomba la kupumulia.

Kwa hiyo picha inajua kitu, na asiwepo mtu atakayetoka hapa akisema nimeidharau. Wenye siti skani nao walikuwa na hesabu yao, ya kila tundu la pafu kupewa 0 hadi 5, jumla 25. Inaona zaidi, lakini humpa mgonjwa mnururisho mara makumi kadhaa ya ule wa picha ya kawaida, na inamtaka mgonjwa mahututi asafirishwe hadi ilipo mashine.

Siku gani?

Sasa nitawapa wagonjwa wawili. Ni wa kubuni, lakini hakuna muuguzi hapa ambaye hajawahi kuwaona.

Wa kwanza ni kijana wa bodaboda kutoka Chwele, miaka 28. Picha yake inatisha, alama 10. Ameketi kitandani, anapumua mara 20 kwa dakika, kipimo cha kidoleni kinasoma 94, na anamlalamikia dadake kwamba chai haina sukari. Wa pili ni mama wa Endebess, miaka 67, mwenye kisukari na presha. Picha yake karibu safi, alama 2. Anapumua mara 30 kwa dakika, kipimo kinasoma 88, na akijibu salamu hukata neno katikati ili avute hewa.

Ukizitazama filamu peke yake, utamkimbilia kijana. Sasa uliza siku. Kijana alianza kuugua siku 11 zilizopita, mama siku 3. Wataalamu wa Hong Kong waliofuatilia wagonjwa 64 mwanzoni mwa 2020 waliona kwamba picha ya kwanza ilionyesha dalili kwa wagonjwa 69 tu katika kila 100, na kwamba ukungu hufikia kilele siku ya 10 hadi ya 12 tangu dalili kuanza. Kijana yuko kileleni, na anaongea. Kutoka hapo mara nyingi ni mteremko. Mama ndiyo kwanza anaanza kupanda, na pumzi imeshamwishia.

Picha safi ya siku ya tatu haimhakikishii mtu lolote. Wangapi tumewatuma nyumbani kwa maneno "kifua kiko sawa," wakarudi baada ya siku tano wakiwa wamelazwa nyuma ya pikapu? Kosa halikuwa la filamu. Filamu ilisema kweli kuhusu Jumatatu. Sisi tukaisikia kana kwamba imesema kuhusu Ijumaa.

Wapi?

Swali la pili kwa shahidi ni mahali. Brescia iko takriban mita 150 juu ya usawa wa bahari. New York na Hong Kong ziko ufukweni. Kitale, hapa tulipo, iko karibu mita 1,900. Hewa ya hapa ina mgandamizo mdogo kuliko ya Mombasa kwa karibu sehemu moja kati ya tano. Mtu mzima mwenye afya hapa hajisikii upungufu wowote, lakini akiba yake ni ndogo. Bungoma iko takriban mita 500 chini yetu, kwa hiyo wenzetu wana nafuu kidogo. Vifua viwili vyenye ukungu ule ule, kimoja Mombasa na kimoja Kitale, havitawapa wenyewe oksijeni sawa. Anayezileta hapa alama za Brescia bila kukumbuka mlima atatabiri kwa upole kuliko ugonjwa ulivyo.

Mahali pia ni historia ya kifua. Weupe unaouona leo si lazima uwe wa leo. Kuna makovu ya kifua kikuu cha miaka 15 iliyopita. Kuna moshi wa mafiga ambao mama ameuvuta tangu akiwa msichana. Kuna anayeishi na virusi vya UKIMWI ambaye mapafu yake yana mgeni mwingine kabisa. Utafiti wa kitaifa wa kifua kikuu wa mwaka 2016 hapa Kenya ulionyesha kwamba kuuliza tu "Je, umekohoa zaidi ya wiki mbili?" kungewakosa karibu nusu ya wagonjwa, ilhali picha ya kifua iliwanasa wengi wa hao. Ndiyo kusema katika nchi hii mtu hutembea na kivuli kifuani bila kujua. Akija na mafua makali, kivuli cha zamani huhesabiwa pamoja na kipya, alama zikapanda, na familia ikaambiwa ijiandae. Dawa ya kosa hilo ni filamu ya zamani ikiwekwa kando ya mpya, ile iliyobaki chini ya godoro.

Dakika moja nzima

Mwaka 2020 Waingereza walikusanya habari za makumi ya maelfu ya wagonjwa wa korona waliolazwa, wakatengeneza hesabu ya kukadiria nani yuko hatarini kufa. Waliiita 4C. Ina mambo manane: umri, jinsia, magonjwa mengine aliyonayo mtu, kasi ya kupumua, oksijeni ya kidoleni, kama ana fahamu timamu, na vipimo viwili vya damu. Picha ya kifua haimo. Nchi yenye mashine kila kona iliweza kukadiria vizuri bila filamu hata moja.

Sababu yake si fumbo. Filamu huonyesha mapafu yameharibika kiasi gani. Pumzi huonyesha mwili unahimili vipi uharibifu huo. Na kuhesabu pumzi hakuhitaji stima. Kaa kando ya mgonjwa, usimwambie unahesabu, tazama kifua kikipanda na kushuka kwa dakika moja nzima. Ninasisitiza nzima, maana wodini tunahesabu sekunde 15 tukizidisha kwa nne, na siku wagonjwa wakiwa wengi tunaandika 20 kwa kila mtu. Hiyo 20 ya uvivu imewaficha wagonjwa wengi kuliko mashine yoyote mbovu.

Kipimo cha kidoleni nacho tukijue tabia yake. Desemba 2020 watafiti wa Marekani walitangaza kwamba kwa wagonjwa weusi kipimo hicho kilikosa kuonyesha upungufu wa oksijeni karibu mara tatu zaidi kuliko kwa weupe: takriban 12 katika kila 100, ikilinganishwa na 4. Hutia moyo zaidi ya inavyostahili, tena kwenye vidole vyetu. Kikisoma 92 na mgonjwa anahema, mwamini mgonjwa.

Kwa hiyo picha ije ya tatu, baada ya pumzi na kipimo. Mgonjwa akiwa katikati, hujui umlaze au umrudishe nyumbani, hapo picha huongeza uzito upande mmoja wa mizani. Shirika la Afya Duniani lilishauri vivyo hivyo Juni 2020: picha isaidiane na dalili na vipimo katika kuamua nani alazwe na nani apelekwe chumba cha mahututi, isiamue peke yake.

Kwa watoto sheria ni kali zaidi. Utafiti mkubwa wa nimonia ya watoto uliofanywa katika nchi saba, Kenya ikiwakilishwa na Kilifi, ulichapishwa mwaka 2019 ukaonyesha kwamba virusi vya RSV vilihusika na takriban visa 31 katika kila 100 vya nimonia kali iliyoonekana kwenye picha. Hata hivyo, mtoto mchanga anayekoroma kifuani kwa RSV hahitaji eksirei kila mara. Miongozo ya Marekani na Uingereza inakataza kuifanya desturi. Mama, angalia mbavu za chini: kifua kikibonyea ndani mtoto anapovuta hewa, beba mtoto twende. Na wa miezi 2 hadi 11 akipumua mara 50 au zaidi kwa dakika akiwa ametulia, vivyo hivyo.

Mashine inayosoma mashine

Vijana wameniuliza kuhusu kompyuta. Nchi nzima ina wataalamu wa eksirei mia chache tu, na wengi wako miji mikubwa. Kwa nini programu isisome filamu zetu na kutabiri?

Wakati wa korona programu hizo zilimwagika kama mvua ya Aprili. Mwaka 2021 kundi la watafiti lilizipitia tafiti 2,212 za aina hiyo. Zilizostahili kuchunguzwa kwa kina zilikuwa 62, na kati ya hizo haikupatikana hata moja iliyofaa kutumika kwa wagonjwa. Baadhi zilifunzwa kwa picha za watu wazima wenye korona zikilinganishwa na picha za watoto wadogo wenye nimonia nyingine. Programu ikafaulu mtihani kwa alama nzuri sana, kumbe ilichojifunza ni kutofautisha mtu mzima na mtoto. Nyingine zilisoma herufi ya pembeni inayoonyesha kushoto na kulia, kwa sababu kila hospitali huiandika kwa namna yake.

Sisemi programu zikataliwe. Kwa kifua kikuu, Shirika la Afya Duniani lilizikubali mwaka 2021 baada ya kupimwa vizuri. Nasema programu iliyofunzwa kwa vifua vya mbali ianze kwa kufanya mtihani hapa, kwa filamu zetu, zenye makovu yetu na nywele zetu.

Baada ya kujua

Tarehe 17 Juni 2021 serikali ilitangaza kaunti 13 za magharibi na ukanda wa ziwa kuwa kitovu cha korona. Bungoma ilikuwemo, Trans Nzoia ilikuwemo. Kafyu ikaanza saa 1 jioni hadi saa 10 alfajiri. Wengi wenu mnakumbuka ukimya ule wa barabara.

Mwezi mmoja kabla ya hapo ulikuwa umechapishwa utafiti wa wagonjwa mahututi 3,140 katika hospitali 64 za nchi 10 za Afrika, Kenya ikiwemo. Karibu nusu yao, 48 katika kila 100, walifariki ndani ya siku 30, zaidi ya wastani wa dunia. Watafiti walinyoosha kidole kwenye upungufu wa vitanda na vifaa, na kwenye vifaa vilivyopo lakini havitumiki vya kutosha.

Hapo ndipo hesabu zote nilizowaeleza hugota ukutani. Alama 12 ya Brescia ilipimwa mahali ambapo mwenye 12 hupewa oksijeni usiku kucha. Mwenye 12 asiyepata oksijeni ana kesho nyingine, na hakuna filamu inayoonyesha kama mtungi uliopo wodini umejaa au ni mtupu. Mwaka 2015 serikali ya kitaifa ilizindua mpango wa kukodisha vifaa vya kitabibu kwa hospitali 98, mashine za eksirei zikiwemo, mpango uliozua mabishano hadi Seneti. Mabishano hayo ni ya siku nyingine. Leo nasema tu: mashine ya picha na mtungi wa oksijeni viingie kwa mlango mmoja. Kumtabiria mtu kifo huku huna cha kumpa ni kumwandikia tanzia mapema.

Tuandike juu ya bahasha

Nimalizie kwa kazi ya nyumbani, na hii haihitaji bajeti ya kaunti.

Tazameni tena bahasha hii. Imeandikwa jina, umri, na tarehe ya kupigwa picha. Kuna nafasi tupu hapa chini, nusu nzima. Naomba kuanzia wiki hii tuandike mambo manne hapo. Siku dalili zilipoanza. Jamaa wanaikumbuka kuliko sisi, watakwambia ni ile siku ya soko, au siku ya mazishi ya jirani. Pumzi kwa dakika, iliyohesabiwa nzima. Oksijeni ya kidoleni, na kama ilipimwa akiwa na oksijeni au bila. Na la nne: je, ana picha ya zamani nyumbani?

Kama ipo, mtu wa bodaboda aifuate. Bahasha mbili zikikutana dirishani, daktari hutazama kilichobadilika, na hapo anaweza kumjibu jamaa swali lake la pili bila kujifanya omung'osi. Atamwambia: "Leo ni siku ya nne. Anapumua mara 28. Weupe huu wa juu ni wa zamani, huu wa chini ni mpya. Alale hapa, tumhesabu tena saa nne usiku."

Anayeshuka Bungoma na matatu ya mwisho, tafadhali asisahau mapicha yake hapa ukumbini.